Buda, Punguza Nguvu: Gofu na Upepo wa Hagaa Garissa

Kuna swali moja naulizwa kila nikiweka video ya gofu kutoka huku kwetu Garissa. Linakuja kwa namna tofauti tofauti lakini ni lile lile: "Nikipiga draiva na upepo unatoka mbele, mpira unapanda kama kishada, unasimama hewani, halafu unaanguka hapo karibu. Nifanye nini?"

Jibu fupi: punguza nguvu. Najua si hilo ulilotaka. Kila mtu anayeniuliza anatarajia nimwambie akaze mkono, anunue fimbo mpya, ama aende gym. Ndio maana leo naandika badala ya kurekodi video ya sekunde sitini. Hii kitu inahitaji nafasi, na kwetu sisi si mambo ya starehe tu. Kwetu mpira ukipanda juu ni pesa imeenda, na mwaka jana nusura iende kitu kikubwa kuliko pesa. Nitafika hapo.

Kwanza uelewe tunachezea wapi. Tuko saba. Wanne vijana wa mtaa, mimi, binamu yangu, na dada yangu mdogo ambaye yuko kidato cha pili. Uwanja wetu ni eneo wazi nje ya mji. Nusu yake ni udongo mgumu uliopasuka jua, nusu ni mchanga. Nyasi hakuna. Pembeni kote kuna mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Kenya miaka ya sabini na themanini ili uzuie jangwa, na sasa wenyewe ndio umekuwa jangwa lingine. Mpira ukiingia mathenge, usiufuate. Utarudi na miiba kwenye kiatu na mpira haupo.

Fimbo tunazo tano. Draiva moja, wudi namba tatu, aioni mbili, yaani namba tano na namba saba, na pata moja. Alizileta abti wangu anayefanya kazi Dubai kwenye klabu ya gofu, kuosha vile vigari vyao. Wanachama wakinunua mpya, za zamani wanaziacha hivi hivi. Mipira tulinunua ya mtumba kutoka kwa kedi mmoja Nairobi, shilingi 80 kila mmoja. Tulianza na 40. Hagaa ya mwaka jana ilipoanza tulikuwa na 31. Sasa piga hesabu: watu saba, kila mtu akipoteza mpira mmoja kwa wiki, baada ya mwezi na kitu tunabaki tukitazamana.

Kuna mtu atasema gofu bila nyasi si gofu. Abti alinipa jibu la hiyo. Emirates Golf Club ya Dubai, yenye nyasi kila mahali, ilifunguliwa mwaka 1988. Kabla ya hapo watu wa Ghuba walikuwa wanacheza kwenye mchanga. Sehemu ya shimo ilikuwa mchanga uliochanganywa na mafuta ukashindiliwa, na kwa sababu haikuwa kijani waliiita brauni. Mchezaji alitembea na kipande cha zulia la plastiki, anaweka mpira juu yake, anapiga, anabeba zulia lake. Na sisi tunafanya hivyo hivyo. Zulia letu lilikatwa kutoka kwa lile la zamani la sebuleni, hooyo alitupa kwa masharti kwamba tusiombe lingine.

Sasa tuje kwa upepo.

Wasomali tunagawa mwaka mara nne: gu, hagaa, deyr na jilaal. Gu na deyr ni za mvua. Jilaal ni ukame mkali. Hagaa, kuanzia Julai hadi Septemba, ni kavu pia lakini ina upepo. Ukiishi Garissa unaujua. Asubuhi baada ya swala ya alfajiri hewa imetulia kabisa, moshi wa jiko unapanda wima. Ikifika saa nne umeanza kusukuma mlango. Alasiri umejaa vumbi machoni na mabati ya jirani yanaongea. Watu wa Pwani wanauita kusi, na mabaharia wao wana neno zuri la upepo unaokuja usoni mwa chombo: upepo wa omo. Ule wa nyuma ni wa tezi. Nimeyapenda haya maneno, kwa hivyo nitayatumia.

Huu upepo si wa mtaa. Ni sehemu ya mkondo mkubwa wa hewa ambao wataalamu wameupa jina la Findlater, mwanasayansi aliyeuandika miaka ya 1960. Unatoka Bahari ya Hindi upande wa Madagaska, unavuka ikweta juu ya mashariki mwa Kenya, unapinda Somalia na kuvuka bahari kuelekea India, ambako unapeleka mvua zao. Garissa iko chini kidogo tu ya ikweta, kwa hivyo tuko njiani kabisa. Na kiini cha huo mkondo hakiko chini tulipo, kiko juu, kilomita moja hadi moja na nusu hivi kutoka ardhini. Jua likipasha ardhi joto, hewa ya chini na ya juu zinachanganyika, na ule upepo wa juu unashuka kwetu. Ndio sababu asubuhi shwari, mchana vumbi.

Kumbuka hilo neno "juu" kwa sababu ndilo siri ya kwanza. Upepo ukiwa karibu na ardhi unakwama kwa vichaka, nyumba, mawe. Ukipanda juu, hakuna wa kuuzuia. Nenda uangalie ile mitambo ya umeme wa upepo Marsabit, karibu na Ziwa Turkana. Iko 365, na hakuna hata mmoja umewekwa chini kama pampu ya kisima. Imepandishwa juu ya nguzo ndefu kwa sababu huko ndiko upepo uko. Draiva ya mchezaji mzuri inapandisha mpira mita 30 hivi kutoka ardhini. Yaani wewe mwenyewe unauchukua mpira wako na kuupeleka pale upepo umekaa unaungoja.

Siri ya pili ni mzunguko.

Mpira wa gofu ukipigwa hauendi tu mbele, unazunguka kinyumenyume. Kwa draiva iliyopigwa vizuri ni kama mara 2,000 hadi 3,000 kwa dakika. Huo mzunguko ndio unaubeba. Mtu wa kwanza kulieleza hili vizuri alikuwa profesa wa Edinburgh, Peter Guthrie Tait, miaka ya 1890. Watu walidhani mpira unakaa hewani kwa sababu ya nguvu za mkono. Tait akaonyesha kwamba ni kwa sababu ya kuzunguka: hewa inavutwa na mpira, inasukumwa chini, na mpira unasukumwa juu. Mwanawe, Freddie, hakuwa mtu wa hesabu. Alikuwa mchezaji hodari, alishinda ubingwa wa wachezaji wa ridhaa Uingereza mwaka 1896 na tena 1898.

Sasa weka upepo wa omo. Tuseme mpira wako unatoka kwa kilomita 200 kwa saa na upepo unakuja kwa 30. Kwa mpira, hewa inaupita kwa 230. Na nguvu za hewa haziongezeki kidogo kidogo, zinafuata kasi mara kasi. Fanya hesabu, utapata kwamba hewa inauvuta nyuma kwa nguvu zaidi kwa karibu theluthi moja. Na inauinua zaidi pia. Ndio maana unapanda, unapanda, halafu unasimama kama umesahau kitu.

Sasa wewe unafanya nini ukiona hivyo? Unaongeza nguvu. Ukiongeza nguvu, fimbo inakuja haraka zaidi, mpira unazunguka zaidi. Ukizunguka zaidi unapanda zaidi. Ukipanda zaidi unakutana na upepo mkali zaidi. Buda, unaulisha upepo chakula kwa kijiko.

Hapo ndipo msimamo wangu uko, na sitauacha: mtu anayepiga kwa nguvu dhidi ya upepo hapigani na upepo, anausaidia.

Wachezaji wana kanuni ya mkononi ambayo si sheria lakini inatosha uwanjani. Kila maili 10 kwa saa za upepo wa omo, ambazo ni kama kilomita 16, zinakula asilimia 10 ya umbali wako. Upepo wa tezi wa kasi ile ile unakurudishia nusu tu ya hiyo. Kwa hivyo usijidanganye eti ukipoteza ukienda utafidia ukirudi. Kubali mapema kwamba mpira utafika karibu zaidi. Ukishakubali, mkono wenyewe unatulia.

Haya, tunavyofanya sisi. Chukua yanayokufaa.

Moja, jua upepo unatoka wapi kabla hujagusa fimbo. Kwenye televisheni wanarusha nyasi. Sisi tunarusha vumbi. Lakini usiangalie vumbi peke yake, angalia pia vilele vya miti. Chini panaweza kuwa shwari na juu panaenda kasi.

Mbili, tii. Zamani kila mtu alikuwa anafinyanga kichuguu cha mchanga wenye maji na kuweka mpira juu yake. Kijiti cha mbao kilipata hataza Marekani mwaka 1899 kutoka kwa George Franklin Grant, daktari wa meno mweusi wa Boston. Sisi vijiti vinavunjika kwa udongo mgumu, kwa hivyo tumerudi kwa mchanga kabla ya daktari. Kwenye upepo wa omo tunashusha kichuguu kidogo, kama upana wa kidole kimoja. Kidogo! Hapa ndipo ushauri mwingi unaozunguka unaharibu watu. Wanakuambia weka mpira chini kabisa. Ukiuweka chini kabisa unaanza kuupiga kwa kukata kutoka juu, ama unaugonga na sehemu ya chini ya uso wa draiva, na yote mawili yanaongeza mzunguko. Utaanza chini halafu utapanda kama ndege ya Wilson Airport.

Tatu, rudisha mpira nyuma kidogo kwenye msimamo wako, nusu ya mpira ama mpira mmoja, si zaidi. Kawaida draiva inakuwa sambamba na kisigino cha mguu wa mbele. Ukirudisha sana, tumerudi pale pale pa kukata.

Nne, shika fimbo chini kidogo, kama sentimita mbili tatu kutoka mwisho wa mshikio. Fimbo inakuwa fupi, inatii.

Tano, na hii ndiyo yenyewe: robo tatu. Peleka mikono nyuma mpaka usawa wa bega, usiende juu ya kichwa. Pitisha kwa mwendo wako wa kawaida, na umalizie mikono ikiwa chini, karibu na kifua. Ukimaliza na fimbo iko mgongoni kama mwanamieleka anayesherehekea, umepiga kwa nguvu hata kama unakataa.

Sita, kama draiva inakusumbua, iweke chini. Chukua wudi namba tatu ama aioni ndefu. Hakuna polisi wa draiva. Mwaka 2006 Tiger Woods alishinda Open ya Uingereza pale Hoylake na kwa siku zote nne alitumia draiva mara moja tu. Kiangazi kile kilikuwa kikali, uwanja ulikauka ukawa rangi ya ngamia, mgumu kama barabara. Yeye akapiga aioni chini chini, mpira ukatua na kukimbia. Watu wanaikumbuka kama maajabu. Mimi nikiona zile picha naona Garissa tu. Pale kwetu kwenye udongo mgumu mpira wa chini ukitua unakimbia mita nyingi za bure. Kwenye mchanga unazama hapo hapo. Kwa hivyo kabla ya kupiga chini, chagua pa kutua.

Sasa nirudi kwa ile hasara nyingine niliyotaja.

Mwaka jana tulipata mwaliko wa mashindano madogo ya vijana Pwani, mwezi wa Agosti. Nafasi zilikuwa mbili, na tulipochagua kwa haki, kwa matokeo ya wiki sita, dada yangu alikuwa wa kwanza. Hapo ndipo shughuli ilianza. Aabo ni mtu wa soko la mifugo, ameuza ngamia na ng'ombe maisha yake yote. Si mkali, lakini haamini maneno. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba watoto wake wanapiga mawe na chuma huko porini. Wazee wawili walishamwambia kwamba kumpeleka msichana Mombasa kwa mchezo wa mabwanyenye ni aibu. Hooyo alinyamaza, na hooyo akinyamaza ujue anapima.

Aabo hakukataa. Alisema, "Nitakuja nione mwenyewe. Kama ni upuuzi, imeisha. Na hizo fimbo zitarudi kwa abti wenu."

Akachagua siku na saa. Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, mwisho wa Julai. Yaani saa mbaya kuliko zote za wiki mbaya kuliko zote. Alikuja na bakora yake na thamosi ya chai, akakaa juu ya jiwe, kitambaa begani kinapepea kama bendera.

Vijana wawili walipiga kwanza. Unajua vijana wakiwa mbele ya mzee. Wa kwanza alirudisha draiva mpaka nikaogopa mgongo wake. Mpira ulitoka kama risasi, watu wakasema "Waah!", ukapanda, ukasimama, upepo ukaushika bega na kuupeleka kulia, moja kwa moja kwenye mathenge.

Aabo akauliza, "Hiyo ilikuwa pesa ngapi?"

"Themanini."

Wa pili akaongeza nguvu zaidi. Mathenge tena.

"Mia na sitini," akasema aabo, akanywa chai. Kwa mtu wa soko, hiyo ndiyo hukumu inaanza kuandikwa.

Dada yangu akaja. Alifunga buibui lake vizuri kiunoni ili lisishike upepo. Akarusha vumbi. Akaangalia vilele vya migunga. Akafinyanga kichuguu cha mchanga kwa maji ya chupa, kidogo tu, akaweka mpira. Hakuna aliyesema kitu. Akarudisha fimbo mpaka begani, akapitisha, mikono ikaishia kifuani. Haukuwa mpigo wa kupigiwa makofi. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Mpira ulienda usawa wa miti ya migunga, ukakata upepo bila kuyumba, ukatua kwenye udongo mgumu na kuendelea kukimbia mpaka karibu tuupoteze kwa macho.

Aabo akainuka. Hakumwangalia yeyote. Akaanza kutembea kuelekea mpira, anahesabu hatua kwa sauti ya chini kwa Kisomali, bakora inagonga ardhi. Sisi nyuma yake kama msafara. Zilifika 138. Akauokota, akaupangusa vumbi na kitambaa chake, akaugeuza geuza kuangalia vile vishimo vyake.

"Mbona hukupiga kwa nguvu kama hawa?"

"Aabo, nikipiga kwa nguvu upepo ndio unafurahi."

Akamrudishia mpira mkononi. "Piga tena."

Alipiga mara tano. Mipira mitano ilirudi. Mmoja ulikuwa mbaya, uliteleza kushoto, lakini hata huo ulikuwa chini na tuliuona ulipolala. Aabo akamaliza chai, akasema, "Mtaenda wawili, wewe na kaka yako. Mtalala kwa eeddo yenu. Mkifika mnapiga simu." Baadaye nilisikia kwamba wazee walimuuliza tena sokoni, akawaambia huo ni mchezo wa hesabu, kama biashara tu.

Nafikiria ile siku mara nyingi. Angekuwa amekuja asubuhi saa moja, hewa ikiwa imelala, angeona vijana wakipiga mbali sana na dada yangu akipiga wastani, na labda angesema sawa, huyu abaki nyumbani. Upepo ndio ulimtetea. Na ulimtetea kwa sababu yeye hakuwahi kuwa na nguvu za kutegemea. Tangu siku ya kwanza ilibidi ajue mpira unafanya nini hewani.

Tulipanda basi, Hola, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa. Uwanja ulikuwa unaangalia bahari, kusi linapuliza bila huruma. Kulikuwa na watoto kutoka Nairobi wenye seti kamili za fimbo 14, wazuri sana, sitawavunjia heshima. Lakini Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Huko mpira unaenda mbali na mzunguko hauumi sana. Wakishuka Pwani hewa ni nzito, kila kosa la mzunguko linakuzwa. Garissa iko chini ya mita 200. Hewa yetu ni nzito kama ya Pwani, upepo wetu ni ndugu wa upepo wao. Kwa mara ya kwanza kuishi huku kulikuwa faida kwa kitu.

Dada yangu hakushinda. Alimaliza wa sita kati ya wasichana kumi na wanne. Pale karibu na shimo alipoteza sana, kwa sababu hajawahi kuzoea nyasi, na mpira kwenye nyasi laini una tabia zake. Lakini kwa mashimo yote yaliyoelekea omo, hakuna aliyempita kwa zaidi ya hatua chache. Na mipira mitatu aliyoenda nayo ndiyo mitatu aliyorudi nayo.

Sasa maoni yangu, kwa sababu mnajua siwezi kumaliza bila kusema.

Ukichora ramani ya viwanja vya gofu Kenya utaona Nairobi, Kiambu, Thika, Nyeri, Nanyuki, Nakuru, Eldoret, Kitale, Kericho, Kisumu, halafu Pwani. Pale walipokaa wakoloni wakapenda hali ya hewa. Royal Nairobi ni ya 1906, Mombasa Golf Club ni ya 1911. Kenya Open ilianza 1967 na Seve Ballesteros mwenyewe aliishinda Muthaiga mwaka 1978. Na sisi huku? Wajir maafisa wa kikoloni walikuwa na klabu waliyoiita Royal Wajir Yacht Club, klabu ya mashua kwenye mji usio na hata bwawa la kuogeshea bata. Walikuwa wanatania. Lakini utani ule umebaki kichwani mwa watu: kwamba vitu vizuri huku ni mzaha, hata watu wetu wenyewe wanacheka kwanza kabla ya kuuliza.

Mimi siombi uwanja wa mashimo 18 wenye nyasi. Maji ya Tana yana kazi muhimu zaidi, na mtu akileta wazo la kumwagilia nyasi za gofu hapa nitakuwa wa kwanza kumpinga. Ninachosema ni kwamba ardhi ngumu na upepo, vile vitu viwili watu wanavihesabu kama shida yetu, ndivyo vinavyofundisha mpigo mgumu kuliko yote kwenye huu mchezo. Tunachohitaji ni fimbo za watoto, mipira ya zamani, na eneo moja wazi ambalo kaunti haitaligawa kwa mtu siku tukienda nyumbani. Kipande cha zulia tunacho.

Kwa sasa tumebaki na mipira 26. Wale vijana wawili wameanza kupiga robo tatu, mmoja wao kwa shingo upande, lakini anapiga. Hagaa imekaribia tena. Wewe uliyeniuliza swali, toka nje leo jioni upepo ukiwa usoni mwako, piga mipira kumi kwa nguvu zako zote na kumi kwa robo tatu. Usiniambie iliyoenda mbali zaidi. Niambie ni mingapi umerudi nayo nyumbani.